Vibanzi vya Kusheheni kwa Watu 40

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atapona vipi ikiwa wageni wenyewe ni 40, wote ni vijana, na wote wameshasema hawataki ugali.

Hilo ndilo lililonipata mwezi wa Agosti mwaka 2024, nyumbani kwetu, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kamukuywa. Kama ujuavyo, Agosti ya mwaka wa shufwa ni mwezi wa tohara kwetu sisi Wabukusu. Chinyimba hulia usiku kucha na boma halikauki watu. Ndugu yangu mdogo alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiingia. Wazee walikuwa na ugali wao, nyama yao, na mambo mengine ambayo si vizuri kuyataja katika jarida la shule. Lakini vijana je? Senge, ambaye alikuwa amefika kutoka Kitale, aliniuliza mbele ya watu wote: "Wewe si ndiye unasoma Sayansi Kimu? Hawa wenzako utawalisha nini kesho?"

Nikajibu bila kufikiri: "Vibanzi, senge. Tena vya kusheheni, vyenye nyama na kachumbari juu."

Pesa hazikuwepo. Kukhu alisikia, akanyamaza, na jioni akauza jogoo wake wawili ili mafuta na nyama vipatikane. Nataka uyakumbuke hayo majogoo, msomaji, kwa sababu yatarudi mwishoni.

Nitasimulia kwa ufupi yaliyofuata, maana bado yananiuma. Tulianza kumenya viazi saa mbili asubuhi, tukavirundika katika beseni bila maji. Kufikia saa nne vilikuwa vimegeuka rangi kama chai ya maziwa. Nikateleka mafuta lita 5 katika sufuria kubwa, na yalipopata moto nikamimina viazi karibu nusu ndoo kwa mpigo ili nimalize mapema. Mafuta yakanguruma kidogo, kisha kimya. Viazi vikakaa humo nusu saa nzima vikinywa mafuta badala ya kukaangika. Kila awamu iliyotoka niliitia katika beseni la plastiki na kulifunika ili isipoe. Nilidhani nina akili sana. Saa nane mchana nikafunua, nikamwagia mchuzi wote wa nyama juu, nikakoroga.

Kukhu alikuja kutazama. Akachota kidogo kwa kijiko (ndiyo, kwa kijiko), akaonja, akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu," akasema, "huu mseto ni mtamu. Sasa chipsi ziko wapi?"

Vijana walikula, kwani njaa haina adabu, lakini tuliporudi shuleni muhula wa tatu kulikuwa na mtu bwenini aliyekuwa akiniita Uji wa Chipsi. Makala hii ni matokeo ya aibu hiyo. Nilikwenda maktaba, nikawauliza walimu wa Kemia na Fizikia, nikasimama kando ya karai za wauza chipsi wa sokoni hadi wakaanza kunishuku. Desemba nikajaribu tena. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

Tuyaweke maneno sawa

Kabla ya kuwasha moto, tukumbuke kwamba hili ni jarida la Chama cha Kiswahili. Darasani tunafunzwa kusema vibanzi. Ukitoka nje ya lango, ni chipsi tu. Kibanzi asilia ni kipande chembamba cha mti, kama kile cha jichoni kilichotajwa katika Injili ya Mathayo. Aliyelihamisha neno hilo kutoka jichoni hadi sahanini alikuwa na macho mazuri, maana viazi vilivyokatwa hufanana kweli na kuni ndogo za kuwashia jiko. Kiazi chenyewe kina majina tele: kiazi mviringo, kiazi ulaya kwa Watanzania, mbatata kwa watu wa pwani waliolipata neno kwa Wareno, na waru kwa Wakikuyu na kwa wana-Nairobi wote. Hilo jina la kiazi ulaya hunichekesha. Asili ya zao hili ni milima ya Andes kule Amerika Kusini; Ulaya lilipita njia tu, na hapa Kenya likafika mwishoni mwa karne ya 19.

Na kusheheni? Jahazi lililosheheni ni lile lililopakiwa shehena pomoni. Wamarekani nao hutumia neno lao la kupakia mzigo wanapotaja vibanzi vilivyowekewa nyama, jibini na mazagazaga mengine juu. Nimeona kusheheni ndilo neno linalofaa. Kama mwalimu ana lingine, nafasi iko ukingoni mwa ukurasa.

Tena asikudanganye mtu kwamba jambo lenyewe ni geni. Chipsi masala za Mombasa na Nairobi, zilizochanganywa na mchuzi mzito wa nyanya, kitunguu saumu, pilipili na dania, ni vibanzi vilivyosheheni. Chipsi mayai za Tanzania, ambazo vijana wa huko huziita zege kwa jinsi zinavyoshikana kama saruji na kokoto, ni vibanzi vilivyosheheni. Kule Quebec nchini Kanada tangu miaka ya 1950 watu hula poutine, yaani vibanzi vyenye mabonge ya jibini changa na mchuzi wa moto. Kila mahali watu wametia walicho nacho. Sisi tuna nyama, maharagwe, parachichi, nyanya na maziwa. Tatizo letu kamwe halikuwa la juu ya kibanzi. Lilikuwa la kibanzi chenyewe.

Adui ni mvuke

Hapa naomba utulie kidogo, kwa kuwa ukilielewa hili, mengine yote ni mkono tu.

Kiazi kibichi ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 80 ya uzito wake. Yaliyobaki mengi ni wanga. Ukitia kibanzi katika mafuta ya moto, maji yaliyo karibu na ngozi yake hugeuka mvuke na kutoka. Zile povu tunazoziona si mafuta yanayochemka. Mafuta ya kupikia hayachemki katika karai, yangeshika moto kwanza. Zile ni maji yanayokimbia. Maji yakishatoka kwenye tabaka la juu, tabaka hilo hukauka na kuwa gamba gumu, nalo ndilo linalolia kru ukiliuma. Ndani bado kuna unyevu, na wanga wake umevimba ukawa laini kama kiazi cha kuchemsha. Kibanzi kizuri kwa hiyo ni vitu viwili katika kimoja: gamba kavu nje, ulaini ndani.

Sasa kitoe kwenye mafuta. Je, mvuke umekoma? La hasha. Ndani bado ni moto, na unyevu unaendelea kusafiri kuelekea nje. Kama kibanzi kimetandazwa peke yake mahali penye hewa, mvuke hupotea zake. Kama kimelaliwa na wenzake mia mbili ndani ya beseni la plastiki lililofunikwa, mvuke hugonga kifuniko, ukageuka maji, ukadondoka, na lile gamba tulilolipigania likayanywa. Dakika 10 zinatosha kuliua. Mimi nililifunika saa tatu.

Basi kumlisha mtu mmoja vibanzi ni rahisi kwa sababu hula papo hapo. Ugumu wa watu 40 hauko katika kukaanga. Uko katika muda unaopita kati ya karai na mdomo. Kila nitakalolisema kuanzia sasa ni hila ya kuufupisha muda huo.

Hila kuu ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yawe ya moto wa wastani, kama nyuzi 150 hivi, kwa dakika 5 au 6, hadi viazi viive ndani lakini vibaki vyeupe na kulegea. Kisha vinatandazwa vipoe. Vikipoa, unyevu wa ndani hujisambaza na wanga wa juu hukaza. Mara ya pili mafuta yawe makali, kati ya nyuzi 180 na 190, kwa dakika 2 au 3 tu, na gamba hujitokeza. Uzuri wake kwa mwenye wageni wengi ni huu: ile kazi ndefu, ya kuivisha, unaimaliza asubuhi wageni wakiwa bado wanaoga. Wakiketi, imebaki kazi ya dakika 3.

Kuchagua kiazi

Sisi wa Kamukuywa tumebahatika. Barabara ya kutoka sokoni kupanda Kaptama na Kapsokwony inaelekea moja kwa moja kwenye mashamba ya viazi ya Mlima Elgon, na viazi hushuka vikiwa bado na udongo wa jana. Aina inayopatikana zaidi sokoni ni Shangi, ambayo iliidhinishwa rasmi mwaka 2015 ingawa wakulima walikuwa wakiilima kwa miaka kabla ya hapo. Huiva haraka na kwa vibanzi inafaa, ila ina tabia ya kuota upesi, kwa hiyo usinunue ya mwezi mzima. Ukiona kiazi chenye rangi ya kijani, kiache au ukate sehemu hiyo yote. Rangi hiyo ni ishara kwamba kilipigwa na mwanga, na pamoja nayo huja sumu iitwayo solanini.

Kuna jaribio moja la kufurahisha ambalo wanafunzi wa Fizikia watalipenda. Koroga kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, utie kiazi. Chenye wanga mwingi ni kizito, kitazama. Chenye maji mengi kitaelea. Kilichozama ndicho cha vibanzi. Kilichoelea kipeleke kwenye mchuzi. Sisi tulijaribu viazi 6, vitano vikazama, tukaridhika.

Jambo jingine: usiviweke viazi vya vibanzi kwenye jokofu, kwa wale walio nalo. Baridi huufanya wanga wa kiazi ugeuke sukari, na sukari hiyo huungua upesi kwenye mafuta. Utapata vibanzi vyeusi nje na vichungu. Mahali penye giza na hewa panatosha.

Mnamo Januari 2022, mkahawa wa KFC hapa Kenya uliishiwa na vibanzi kwa sababu shehena iliyokuwa ikija kwa meli ilichelewa. Wakenya wakashangaa kusikia kwamba vibanzi hivyo vilikuwa vikitoka Misri. Kampuni ilieleza kuwa ni suala la viwango vya ubora ambavyo wauzaji wake lazima wavitimize, lakini watu hawakuelewa, nami sikuwalaumu: kiazi ndicho zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi! Hata hivyo, kuna funzo la jikoni hapo. Kampuni kubwa hutaka kila kibanzi kifanane na kingine ili vyote viive pamoja. Nyumbani hatuhitaji meli kulifanya hilo. Tunahitaji kisu kikali na uvumilivu. Unene uwe sentimita 1, kama kidole cha mwisho cha mtoto mkubwa. Vinene na vyembamba vikichanganyika katika karai moja, vingine vitaungua wakati vingine vingali vibichi.

Hesabu ya watu 40

Mwalimu wa Hisabati aliniuliza kama nimeonyesha njia. Nimeonyesha. Sahani moja ya vibanzi vya kusheheni inahitaji takriban gramu 180 za vibanzi vilivyoiva. Kiazi hupoteza maganda, kisha hupoteza maji, hivi kwamba unachokula ni kama asilimia 45 ya ulichonunua. Kwa hiyo mtu mmoja ni gramu 400 za viazi vibichi, na watu 40 ni kilo 16. Nilinunua kilo 18, kwa sababu siku zote kuna viazi vilivyooza katikati na kuna watoto wadogo wanaopita jikoni mara saba.

Tukishamenya zilibaki kilo 13 na ushee. Tulikuwa na karai mbili, kila moja na lita 3 za mafuta, na kila awamu ilikuwa robo tatu ya kilo, si zaidi. Hizo ni awamu 18, yaani 9 kwa kila karai. Kwa dakika 8 kila awamu, pamoja na muda wa mafuta kupata moto tena, ile kazi ya kwanza ilichukua saa moja na dakika 12. Kazi ya pili, dakika 4 kila awamu, ilikuwa dakika 36. Usishawishike kuongeza viazi ili uharakishe. Viazi vingi huyapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani ya kiazi badala ya kukikausha. Ndiyo maana Agosti mafuta yangu lita 5 yalibaki karibu 2. Yaliyopotea yalikuwa matumboni mwa wageni.

Jikoni sasa

Vikate viazi moja kwa moja ndani ya maji. Hilo pekee litazuia ile rangi ya chai. Visuguesugue na kubadilisha maji mpaka yawe maangavu. Ule weupe unaomwagika ni wanga wa juu ambao ungefanya vibanzi vigandane na kuungua. Viache majini angalau nusu saa. Kisha vikaushe. Nasema vikaushe kwa kitambaa safi, vyote, hata kama mikono inachoka. Tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto huzama chini, maana maji ni mazito kuliko mafuta, na huko chini hugeuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,600, likiyarusha mafuta juu. Ndiyo ile milipuko inayowafanya watu wakaange wakiwa wamesimama mlangoni. Kwa sababu hiyo hiyo karai isijazwe mafuta kupita nusu.

Kipimajoto cha jikoni hatukuwa nacho. Tulitumia kibanzi kimoja. Ukikitupa ndani na povu zikaja polepole, kikakaakaa chini kabla ya kupanda, huo ni moto wa mara ya kwanza. Kikipanda juu mara moja huku povu zikikizunguka kwa fujo, ni moto wa mara ya pili. Mafuta yakianza kutoa moshi umepitiliza, vuta kuni. Hapa kuni zina faida yake juu ya makaa, maana ukuni unautoa ukitaka, kaa likishawaka limewaka.

Vikitoka mara ya kwanza, vitandaze kwenye uteo uliotandikwa karatasi ya kaki. Si gazeti, kwa sababu ya wino. Uteo ni chombo cha ajabu: hewa inapita juu na chini, mvuke hauna pa kujificha. Kukhu ana teo tatu na zote zilifanya kazi siku hiyo. Nilipoziomba alinitazama kwa wasiwasi, nami nikajua anawaza nini.

Rangi ya mwisho iwe ya dhahabu, si ya kahawia. Huu si urembo tu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, inayoshukiwa kuwa na madhara kwa afya, na kadiri rangi inavyozidi ukahawia ndivyo inavyoongezeka. Chumvi nyunyiza vibanzi vikiwa bado vinang'aa mafuta, sekunde chache tu baada ya kutoka, vikikauka haishiki.

Na moto ukishika mafuta? Usimwage maji, tafadhali, usimwage maji. Nimeshaeleza maji hufanya nini chini ya mafuta. Funika karai kwa kifuniko cha chuma au sinia, vuta kuni, uondoke hapo. Usijaribu kulibeba karai. Hakikisha kifuniko hicho kiko karibu kabla hujaanza, na watoto wawe mbali. Sisi tulichora mstari wa jivu kuzunguka jiko na kumpa binamu yangu wa darasa la sita kazi ya askari. Aliifanya kwa ukali uliopita kiasi. Hata senge alizuiwa.

Mzigo wenyewe

Kilichowekwa juu lazima kiwe tayari kabla kibanzi cha kwanza hakijaingia mafutani mara ya pili. Agosti nilifanya kinyume.

Nyama ya kusaga kilo 3 ilitosha, kama gramu 75 kwa mtu. Nilikaanga vitunguu 8, nikatia kitunguu saumu, tangawizi, hoho, nyanya 15, nyama na viungo, kisha nikaiacha ikauke. Hapa ndipo wengi hukosea, maana tumezoea mchuzi wa ugali, ambao ni lazima utiririke. Wa vibanzi usitiririke. Kwaruza sakafu ya sufuria kwa mwiko: ikionekana na mchuzi usiifunike mara moja, umefika. Kwa wasiokula nyama nilipika maharagwe kilo 1 na nusu kwa namna hiyo hiyo, nikayaponda nusu yake ili yawe mazito. Kusema kweli, mimi mwenyewe niliyapenda kuliko nyama.

Jibini ni ghali na kwetu halizoeleki. Badala yake nilitengeneza mchuzi mweupe: siagi gramu 150 ikayeyushwa, unga wa ngano gramu 150 ukakaangwa humo kwa dakika mbili bila kubadilika rangi, kisha maziwa ya ng'ombe wetu lita 2 yakamiminwa kidogo kidogo huku yakikorogwa. Chumvi, pilipili manga, basi. Vijiko viwili kwa sahani. Kama una jibini kidogo, kuna humo humo na itaenda mbali.

Kachumbari ni nyanya, kitunguu, dania na limau, lakini ichuje maji yake kwenye chujio kabla ya kuiweka. Parachichi 10 tulizikata vipande dakika ya mwisho, tukazinyunyizia limau.

Halafu mpangilio. Watu 40 tuliwagawa katika makundi manne ya watu 10. Kundi moja linaketi, vibanzi vyao vinakaangwa, wengine wanaendelea na nyimbo zao. Jikoni kila mmoja na kazi yake: wawili kwenye karai, mmoja wa chumvi, wawili wa kupakia, mmoja wa kupeleka. Kila mtu alipewa sahani yake. Hakukuwa na sinia la pamoja, na kukoroga kulipigwa marufuku. Vibanzi vitandazwe, nyama iwekwe katikati, mchuzi mweupe uchorwe juu kwa kijiko, kachumbari na parachichi kando. Hivyo kingo za sahani hubaki kavu, na mlaji ndiye anayechagua kibanzi gani akichovye na kipi akitafune kikavu.

Ilikuwa tarehe 26 Desemba. Kundi la kwanza lilianza kula saa saba na dakika 10, la mwisho likamaliza kabla ya saa nane na nusu. Awamu moja ya kundi la tatu iliungua kidogo kwa sababu mtu wa karai alikuwa akisikiliza nyimbo. Yule aliyeniita Uji wa Chipsi ni jirani yetu, kwa hiyo alikuwepo. Alirudi kuomba tena, akaambiwa asubiri hadi wote wale.

Mafuta yaliyobaki niliyaacha yapoe kabisa, nikayachuja kwa kitambaa safi hadi kwenye mtungi. Yanaweza kutumika tena mara mbili au tatu hivi. Yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi mapema, yamekwisha. Yakiisha usiyamwage mtoni wala katika shimo la maji machafu, yatagandamana huko. Yachanganye na majivu uyazike. Siku hiyo yalikuwa bado safi, na kati ya lita 6 zilizokuwa katika karai na moja tuliyoongezea, nilipima lita 5 na nusu.

Kukhu alikula mwisho, akiwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya teo zake. Alichukua kibanzi kimoja kwa mkono, akakiuma, kikalia. Akachukua kingine. Hakusema lolote hadi sahani ilipokwisha. Kisha akainuka, akaubeba ule mtungi wa mafuta, akaelekea nao nyumbani kwake. Nilimfuata kumwuliza kama anahitaji msaada wa kuubeba.

"Hapana," akasema bila kugeuka. "Huyu ni jogoo wa kwanza. Wa pili utaniletea Pasaka."